Mwongozaji wetu anataka damu zaidi, mimi naogopa mtu ataumia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni meneja wa jukwaa katika kikundi cha waigizaji wa kujitolea. Tunaandaa mchezo wa nyimbo ambao ni wa kutisha na wa kuchekesha kwa pamoja. Kuna zimwi linaishi chini ya ukumbi wa sherehe, maharusi hawajui, na wageni wanaliwa mmoja baada ya mwingine huku kila mmoja akiimba wimbo wake wa mwisho. Nyimbo ni nzuri, naapa. Mtunzi anapiga kinanda mwenyewe, na kuna kiitikio kimoja ambacho hata mafundi wa taa wanakiimba wakiwa juu ya ngazi.

Shida ni mwongozaji. Ni rafiki yangu tangu shuleni na ndiye aliyenileta hapa. Hela zetu ni chache sana, lakini kila mazoezi anakuja na jambo jipya. Mwanzoni vifo vya damu vilikuwa viwili, sasa vimefika tisa. Anataka barafu kavu itoe ukungu utambae sakafuni wakati bibi harusi amelala pale pale akiimba. Anataka taa za kumeta kwa kasi kwenye dansi ya mwisho. Anataka damu iwafikie watazamaji wa mbele. Zimwi lenyewe ni gamba la sponji na maboksi. Aliye ndani haoni kitu, na akiimba pumzi inamwishia kabla ya mstari wa pili.

Juzi mcheza dansi mmoja aliteleza kwenye damu katikati ya wimbo, kifundo cha mguu kikavimba. Aliinuka akaendelea, watu wakampigia makofi, na mwongozaji akasema tulibakize lile anguko kwa sababu limechekesha. Nilibaki pembeni na daftari langu mikono inatetemeka. Nilipomwomba tupunguze damu, alinijibu mbele ya wote kwamba ninaua sanaa, na kwamba kazi yangu ni kutoa ishara za taa, si kuongoza mchezo.

Tena kila mwigizaji ana vazi moja tu, na kuna siku ya maonyesho mawili, la mchana na la usiku. Sijui nguo zitafuliwa na kukauka saa ngapi. Dada anayeigiza bibi harusi anapiga mayowe matatu ya nguvu kabla ya wimbo mgumu kuliko yote, na sauti imeanza kukwaruza. Na tulipoonyesha kipande mbele ya jamaa zetu, hawakucheka wala hawakuogopa. Walitabasamu kwa adabu, basi. Mwongozaji anasema dawa yake ni damu zaidi.

Onyesho la kwanza ni wiki tatu zijazo. Nampenda rafiki yangu na naupenda mchezo huu. Nikibaki halafu mtu akavunjika, sitajisamehe. Nikiondoka, hakuna mwingine anayezijua ishara zote. Niondoke au nivumilie?

Meneja wa Jukwaa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Usiondoke bado, na usivumilie hata siku moja zaidi. Hayo mawili siyo njia pekee ulizo nazo.

Kwanza mcheza dansi. Kifundo kilichovimba kionwe na daktari kabla hajakanyaga tena jukwaa, hata kama mwenyewe anasema amepona. Wachezaji husema wamepona kwa sababu wanaogopa kupoteza nafasi. Na lile anguko lisirudiwe kamwe kwa namna lilivyotokea. Anguko la kuchekesha hupangwa hatua kwa hatua, kwenye sakafu kavu, na anayeanguka akijua ni sehemu gani ya mwili itapokea uzito. Lile lilikuwa ajali, na ajali haiigizwi.

Sasa mamlaka yako. Rafiki yako amekosea kuhusu kazi yako, na ni vizuri uyajue haya kabla hujaenda kuongea naye. Desturi ya majumba ya michezo ni kwamba mwongozaji anautengeneza mchezo, lakini pazia likishafunguliwa usiku wa kwanza, anayeuendesha ni meneja wa jukwaa. Wewe ndiye unayeamua kama sakafu inafaa kukanyagwa, wewe ndiye unayeanzisha onyesho, na hatari ikitokea wewe ndiye unayelisimamisha. Hiyo siyo jeuri, ndiyo kazi yenyewe. Mwigizaji anayeruka gizani anaruka kwa sababu anaamini kuna mtu pembeni aliyehakikisha kwamba mahali pa kutua ni salama.

Halafu nenda ukaongee naye mkiwa wawili tu. Usiende mara baada ya mazoezi, kila mtu akiwa amechoka. Na usianze na damu. Anza na lile tabasamu la adabu. Nikiisoma barua yako naona mtu aliyeingiwa na hofu: aliwaonyesha watu kazi yake, wakanyamaza, na tangu hapo anaongeza kila anachoweza kuongeza. Vifo havikufika tisa kwa sababu hadithi imevidai. Mwambie hivi: "Nyimbo zetu ni nzuri na nataka watu waogope kweli. Kwa sasa hawaogopi, na nadhani najua kwa nini." Ukiingia kwa mlango huo, atakusikiliza kama mwenzake. Ukianza na orodha ya makatazo, atasikia tena kwamba unaua sanaa.

Na kwa nini hawakuogopa? Sikuwepo, lakini kwa miaka niliyokaa nyuma ya mapazia nimeliona hili mara nyingi mno. Waigizaji wa mchezo wa aina hii huigiza utani badala ya hofu. Wanajua zimwi ni maboksi, kwa hiyo wanawakonyeza watazamaji: mnaona tunavyochekesha? Mtazamaji akishakonyezwa, haogopi tena, na akishaacha kuogopa hana cha kumfanya acheke kwa nguvu. Kicheko kikubwa cha ukumbini hutoka kwenye pumzi iliyobanwa. Mgeni anayeliwa na zimwi huku akilalamika kwamba hajapata picha na maharusi anachekesha pale tu anapoogopa kufa kwelikweli na bado anaitaka picha ile kwelikweli. Waombe wafanye onyesho moja la mazoezi bila utani hata kidogo, kila mtu aigize kana kwamba ni msiba wake. Halafu sikilizeni wapi watu wanacheka. Mtashangaa.

Hili halikuanza leo. Jijini Paris kulikuwa na jumba dogo liitwalo Grand-Guignol, lililofunguliwa mwaka 1897 katika jengo lililowahi kuwa kanisa dogo, likadumu hadi 1962. Viti vyake havikufika 300, watazamaji walikaa karibu kabisa na jukwaa. Umaarufu wake ulitokana na damu na vifo, lakini jioni moja pale ilipangwa kwa zamu: mchezo mfupi wa kutisha, kisha wa kuchekesha, kisha wa kutisha tena. Walijua kwamba mtu aliyecheka amelegea, na aliyelegea ndiye anayeshtuka. Vifo tisa vya damu vilivyofuatana havimpi mtu nafasi ya kulegea. Kufikia cha nne, damu imekuwa rangi tu.

Ndiyo maana ningewashauri hivi: vifo saba vya kwanza visiwe na tone la kitu chochote chenye maji. Tumieni riboni nyekundu. Mgeni anaumwa shingoni, anavuta riboni ndefu kutoka kwenye kola, anaizungusha huku akiimba, wenzake wanaidaka na kucheza nayo. Inachekesha, inapendeza kwa taa, inaokotwa kwa mkono mmoja, na kesho inatumika tena. Watazamaji watazoea kwamba katika mchezo huu damu ni riboni. Watajiona salama. Kisha kifo cha nane kije na damu ya majimaji, ukumbi wote utaruka. Hapo rafiki yako atapata alichokuwa anakitafuta, na wewe utakuwa na sakafu mbili za kusafisha badala ya tisa.

Mahali pa kifo hicho cha nane ni mwisho kabisa wa sehemu ya kwanza. Pazia linashuka, mapumziko yanaanza, na wewe una muda wa kupiga deki, kukausha na kupita mwenyewe kwa viatu vile vile vya wachezaji kabla hujaruhusu mtu yeyote. Cha tisa kiwe sekunde za mwisho za mchezo, baada ya dansi ya mwisho, asibaki mtu wa kuruka. Kanuni iwe hii na iandikwe kwenye daftari: hakuna dansi juu ya sakafu iliyokwisha kupata damu mpaka iwe imekauka.

Kuhusu damu yenyewe, hujaniambia mnachanganya nini, kwa hiyo nitazungumzia zote mbili zinazotumiwa na vikundi visivyo na hela. Ya sukari, yaani shira nzito yenye rangi ya chakula na kakao kidogo ili isiwe nyekundu ya kung'aa mno, ndiyo inayofaa kuingia mdomoni. Inanata, inaacha madoa, na inavuta sisimizi mkiiacha usiku. Ya sabuni ya maji na rangi ya kufulika hutoka kwenye nguo kirahisi zaidi, lakini isikaribie mdomo wala macho, na sakafuni ni utelezi mtupu. Yoyote mtakayochagua, paka kwanza kipande cha kitambaa kile kile cha mavazi, kiache muda sawa na ule nguo zitakaokaa kabla ya kulowekwa, kisha kifue. Msiamini maneno ya mtu, aminini kitambaa. Na badala ya kumwaga, wekeni sponji ndogo iliyolowa ndani ya mfuko mwembamba chini ya nguo. Mwigizaji akiubonyeza mfuko, damu inasambaa kwenye kitambaa na sehemu kubwa inabaki humo humo.

Gauni la bibi harusi bila shaka ni jeupe, na jeupe ndilo linaloonyesha damu vizuri kuliko yote. Lishoneeni kipande cha mbele kinachobanduka, kinachoshikiliwa na vifungo vya kubonyeza. Shoneni vipande viwili vinavyofanana. Siku ya maonyesho mawili, cha mchana kinalowekwa, cha usiku kinafungwa, na gauni lenyewe haliguswi. Kazi hiyo ni ya jioni moja kwa fundi mwenye subira.

Nije kwenye zimwi, maana hapo ndipo naona mnapoteza kitu kikubwa. Gamba la maboksi likisimama kwenye mwanga kamili tangu wimbo wa pili, mtazamaji anaanza kutafuta mishono. Lificheni. Taa moja ikiwekwa chini, nyuma ya shuka lililotandazwa, na mwigizaji akisogea kuelekea kwenye taa, kivuli chake upande wa watazamaji kinakua mpaka kinafika darini. Mkono wa mtu mmoja unaweza kuujaza ukuta mzima. Au tafuteni shashi, kile kitambaa chepesi chenye matundu madogo. Kimulikeni kwa mbele kutoka pembeni na mahali palipo nyuma yake pawe giza, kitaonekana kama ukuta. Zimeni ya mbele taratibu, washeni ya nyuma, na ukuta unatoweka, zimwi limesimama pale ambapo muda wote palikuwa na picha za harusi. Hayo mawili yanahitaji taa mlizo nazo tayari na mtu makini wa kuzipandisha na kuzishusha, ambaye ni wewe.

Gamba litoke hadharani mara moja tu, kwenye wimbo wa mwisho. Na aliye ndani asiimbe. Mwaka 1982 huko New York, katika ukumbi mdogo, ulianza mchezo wa nyimbo uitwao Little Shop of Horrors wenye mmea unaokula watu. Mchezesha vikaragosi alikuwa ndani ya mmea akiendesha mdomo, na mwimbaji alikuwa pembeni nyuma ya jukwaa akitoa sauti. Watazamaji waliona kiumbe kimoja. Siri ni mazoezi: hao wawili wakae pamoja bila gamba, mmoja akiimba na mwingine akifungua kiganja kama mdomo, mpaka anajua mwenzake anavuta pumzi wapi. Mdomo unaofunguka kabla ya sauti hutisha, unaochelewa huua kila kitu. Na kwa kuwa aliye ndani haoni, mpeni mtu mmoja wa kumwingiza na kumtoa, awe amevaa kama mhudumu wa harusi ili aonekane yumo kwenye hadithi. Bandikeni pia utepe unaong'aa gizani kwenye kingo zote za jukwaa na kila ngazi.

Barafu kavu, hapana. Hapa sitafuti mwafaka. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, baridi yake hufika nyuzi 78 chini ya sifuri, na ikigusa ngozi tupu inaunguza. Ikiyeyuka haiwi maji, inageuka moja kwa moja kuwa hewa nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatuama chini. Ukungu ule mzuri unatambaa sakafuni kwa sababu hiyo hiyo. Sasa mmemlaza mwimbaji palepale, anayevuta pumzi ndefu kuliko mtu mwingine yeyote jukwaani. Anaweza kupata kizunguzungu, na katika ukumbi mdogo usiopitisha hewa anaweza kupoteza fahamu huku kila mtu akidhani anaigiza. Wakitaka ukungu, mashine ya kawaida ya moshi kwa sekunde chache, mbali na waimbaji kwa sababu hukausha koo, na baada ya kumuuliza msimamizi wa ukumbi kama ving'amuzi vya moto vitalia. Ving'amuzi visizimwe bila yeye kujua.

Taa za kumeta kwa kasi zinaweza kumletea kifafa mtazamaji mwenye hali hiyo, na kwa mcheza dansi mwendo unaonekana umekatika vipande, hajui mwenzake yuko umbali gani. Kama haziepukiki, ziwe za muda mfupi sana, wakati watu wamesimama tuli, na tangazo libandikwe mlangoni na mahali tiketi zinapouzwa, siyo ndani baada ya watu kukaa.

Kurushia watazamaji damu siyo wazo baya lenyewe. Mchezo wa nyimbo wa Evil Dead, ulioanzia Toronto mwaka 2003, ulijipatia mashabiki kwa jambo hilo: wa safu za mbele hununua viti vile wakijua watalowa, na wengine huja na nguo nyeupe makusudi. Wao waliambiwa kabla. Mtu aliyekuja na vazi lake la thamani bila kuambiwa hatacheka, atadai fidia, na atakuwa na haki. Kwa bajeti yenu ningerusha riboni na vipande vya karatasi nyekundu.

Sauti ya bibi harusi isisubiri. Mwambie apumzishe mayowe leo, na mazoezini aonyeshe tu mahali yanapokuja. Yowe la kwanza na la pili yanaweza kupigwa na mtu mwingine nyuma ya pazia, giza likiwa limeingia. Katika giza hakuna anayejua ni mdomo wa nani. La tatu alipige yeye, likiwa fupi, na mtunzi aongeze vipimo vichache vya kinanda kabla wimbo haujaanza ili koo lipate kutulia. Mkwaruzo ukiendelea baada ya siku kadhaa za kupumzika, aende kwa daktari wa koo.

Tuseme umemweleza rafiki yako yote haya kwa upendo na bado akakataa. Basi andika. Andika mambo matatu tu: barafu kavu, damu wakati wa dansi, na mtu asiyeona kutembea bila mwongozo. Andika kwamba hutatoa ishara za mambo hayo, mpe nakala yeye na msimamizi wa ukumbi, na uwaambie waigizaji wazi kwa nini. Mambo mengine yote, rangi, mwendo, nani afe kwa wimbo gani, ni yake, na umwachie bila kunung'unika. Nadhani mkifika hapo atalegeza, kwa sababu hakuna mwongozaji anayeweza kuendesha usiku wa kwanza bila mtu wa kutoa ishara, na yeye analijua hilo.

Asipolegeza, ondoka, na uondoke mapema, kabla ya mazoezi ya taa na sauti, ukiacha daftari lenye kila ishara kwa mwandiko unaosomeka, ili atakayeshika nafasi yako awe na siku za kutosha za kujifunza.